Jina la Mwenzio Si Mzaha



  

Nimeombwa niandike kuhusu adabu za mwanafunzi. Adabu ni nyingi, na wenzangu wameziandika vizuri katika matoleo yaliyopita. Mimi nimechagua moja tu, nayo ni adabu ya kuliita jina la mtu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayewakosoa watoto na kujisahau yeye hafai kusikilizwa.

KOSA LA MWALIMU

Siku moja baada ya swala ya alasiri nilikuwa nasomesha darasa la watoto wa miaka 11 hadi 13. Somo lilikuwa haki za mtoto kwa mzazi wake, na mojawapo ya haki hizo ni kupewa jina zuri. Nikawasimulia hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.), kwamba binti mmoja wa Sayyidna Umar alikuwa akiitwa Asiya, na Mtume (S.A.W.) akambadilisha jina akamwita Jamila. Nikaeleza kwamba jina lile la kwanza maana yake ni mwanamke aliyeasi. Kisha nikaingia katika mlango mwingine wa somo.

Sikukumbuka kwamba kwenye mkeka ule ule ameketi mtoto anayeitwa Asia.

Kabla ya adhana ya magharibi alishapata jina jipya. Walimwita Muasi. Skuli alikuwa amezoea kuitwa "Bara" kwa sababu ya somo la jiografia, na hilo halikumuumiza sana. Lakini kuambiwa kwamba Mtume wako mwenyewe amelikataa jina lako ni jambo jingine kabisa. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Nikadhani anaumwa.

Baada ya siku kumi alikuja mama yake, na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Alitaka nimwandikie barua kwamba jina hilo halifai katika dini, ili aende nalo kwa wakili akaape na kulibadilisha liwe Jamila. Mtoto alikuwa darasa la saba na ameshaandikishwa kwa ajili ya mtihani. Baba mtu amekataa katakata, kwa kuwa Asia ni jina la marehemu mama yake, naye ndiye aliyemlea kwa shida mpaka akawa mtu. Nyumba ile ilikuwa haina maelewano. Mama akaniambia, "Ustadh, sema wewe neno moja tu, tumalize."

Nilinyamaza kwa muda, na si kwa kutafuta jibu. Jibu nilikuwa nalo tangu nilipokuwa chuoni. Nilinyamaza kwa haya.

HERUFI ZILIZOPOTEA

Ndugu msomaji, majina hayo ni mawili, si moja. Jina alilolibadilisha Mtume (S.A.W.) linaanza kwa aini, na katikati lina sadi. Linatokana na neno la kuasi, na ndilo lililotupa sisi Waswahili maneno asi, maasi na muasi. Jina la pili linaanza kwa alifu, na katikati lina sini. Hilo ni jina la mke wa Firauni, yule mama mwema ambaye Mwenyezi Mungu amempigia mfano waumini katika Suratut Tahrim, aya ya 11, pale alipomwomba Mola wake amjengee nyumba Peponi na amwokoe na Firauni na vitendo vyake. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, Mtume (S.A.W.) amemtaja pamoja na Maryam binti Imran kuwa ni wanawake waliofikia ukamilifu.

Sasa tazama. Mwarabu akiyasikia majina hayo mawili hawezi kuyachanganya. Sisi tunapoyaandika kwa herufi za Kiswahili, aini inapotea, sadi inakuwa sini, na yote mawili yanakuwa Asia. Mtoto yule alikuwa amebeba jina la mmoja wa wanawake bora kabisa, na sisi tukamvisha kashfa ya jina jingine. Kosa halikuwa la bibi yake, wala la baba yake, wala la karani aliyeandika cheti. Lilikuwa langu mimi niliyesimulia hadithi ile bila kuandika herufi ubaoni.

Nilimwambia mama yule ukweli wote, na barua sikuandika. Siku ya pili niliandika majina yote mawili ubaoni, kubwa kubwa, nikawaambia wanafunzi wayasome mmoja mmoja kwa kutoa herufi mahali pake. Aliyeanzisha lile jina la Muasi alisoma mara tatu. Kisha nikawaomba radhi wote, na nikamtuma mmoja wa masheikha wetu aende nyumbani kwao.

Mtoto alirudi baada ya wiki tatu. Lakini aliomba akae katika darasa la sheikha, si langu, na hadi leo yuko huko. Sikumlaumu.

KILA LUGHA INA KICHEKO CHAKE

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama majina kwa jicho jingine, na nimeona kwamba karibu kila jina duniani lina mahali ambapo likifika watu watacheka.

Mmoja wa vijana waliopita katika madrasa yetu anaitwa Faiz. Kwa Kiarabu ni mwenye kufuzu, mshindi. Alipata nafasi ya kusoma Uturuki, na siku za mwanzo kila alipojitambulisha wenzake walitabasamu. Kumbe kwa Kituruki faiz ni riba ya benki! Kijana wa madrasa, hafidhi wa juzuu kadhaa, anaitwa Riba. Akatuambia kwamba huko zipo benki zinazojitangaza kuwa ni "faizsiz", yaani hazina riba, na rafiki zake wakipita mbele ya bango humwambia, "Hapa hawakutaki." Sababu yake ni ile ile ya herufi. Waturuki walichukua neno la Kiarabu lenye dhadi, lenye maana ya kilichozidi, na wao dhadi huitamka kama zai, kama vile Ramadhani kwao ni Ramazan. Maneno mawili yakawa moja.

Hapa hapa kwetu tunaye Saumu, Mwanasaumu, mtoto wa kike aliyezaliwa mwezi wa funga. Ni jina tukufu. Lakini nani hajasikia watoto wakimwita "kitunguu"? Saumu ya kufunga asili yake ina sadi, na kitunguu asili yake kina thaa. Ndiyo maana baadhi ya watu wa pwani bado wanasema kitunguu thomu. Ni ulimi wetu tu uliozikutanisha ibada na kiungo cha pilau.

Tunao pia kina Abdulkhaliq, mja wa Mwenye kuumba. Wengi wetu tunaandika Abdulhalik. Ukilirudisha jina hilo katika Kiarabu kwa haa ya halua badala ya khaa, na kwa qafu, utapata mja wa mnyoaji. Kwa hiyo mtoto wa watu amekuwa mtumwa wa kinyozi! Hatusemi kwamba wazazi wamepata dhambi, maana nia yao inajulikana na herufi za Kiswahili ndizo zilizopungua. Tunasema mtoto huyo afundishwe kuliandika jina lake kwa Kiarabu kama lilivyo.

Na mambo haya hayapo kwenye Kiarabu peke yake. Mshairi mkubwa wa Bangladesh, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1976, anaitwa Kazi Nazrul Islam. Msomaji wa Kiswahili atauliza, kazi gani hiyo? Kumbe kwa Kibengali kazi ni kadhi, ni jina la ukoo wa heshima. Huko Malaysia mtu anaweza kumpa binti yake jina la Suria, na kwa Kimalei maana yake ni jua. Kwetu wazee wakilisikia watashika vichwa, kwa kuwa suria ni mjakazi anayewekwa na bwana wake. Na wapenzi wa mpira wanamkumbuka Mbrazili Kaká, aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2007. Kwetu kaka ni neno la heshima, na kila mtoto mtaani alifurahi kulitamka. Kwa Kihispania na Kifaransa neno linalotamkwa hivyo ni la kitoto, nalo ni choo kikubwa. Yapo na majina mengine ya Kijapani na ya Kifilipino ambayo adabu ya ukurasa huu hainiruhusu kuyaandika, ingawa kwao ni majina safi kabisa, na wenyewe wanayapenda kama wewe unavyolipenda lako.

Basi ikiwa kila jina linachekesha mahali fulani, anayecheka leo ajue kwamba na yeye kuna mji ambao akifika atachekwa. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratur Rum, aya ya 22, kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara zake. Ishara ya Mwenyezi Mungu ni ya kuzingatiwa, haifanywi mzaha.

JINA LIBADILISHWE LINI?

Hapa najua baadhi ya wazazi watanipinga. Watasema, kama majina ya kienyeji yanaleta matatizo, tuwape watoto wetu majina ya Kiarabu tu, tupumzike. Wengine watasema, jina lolote lenye mashaka libadilishwe mara moja. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, na nina sababu.

Kwanza, Uarabu wa jina si dalili ya uzuri wake. Majina aliyoyabadilisha Mtume (S.A.W.) yalikuwa ya Kiarabu safi. Upande wa pili, Ibrahim, Ismail na Yusuf, kama wajuavyo wanafunzi wetu wa nahau, asili yake si Kiarabu, na ni majina ya Mitume.

Pili, Mtume (S.A.W.) hakubadilisha kila jina lenye maana ya ajabu. Hanzala ni tunda la jangwani lenye uchungu mkali. Sahaba Hanzala bin Abi Amir (R.A.) alibaki na jina hilo mpaka alipokufa shahidi katika vita vya Uhud, na Malaika wakamwosha. Talha ni mti wa miiba wa jamii ya mgunga, na Talha (R.A.) ni mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Abu Hurayra ni baba wa kipaka. Na Sayyidna Ali (R.A.) aliitwa na Mtume mwenyewe Abu Turab, baba wa udongo, siku alipomkuta amelala msikitini na vumbi limemshika mwilini. Bukhari ameeleza kwamba hakuna jina alilolipenda Ali kuliko hilo. Jina la kuchekesha linalotoka katika mdomo wenye mapenzi halimdhuru mtu.

Tatu, hata pale Mtume (S.A.W.) alipoona ni bora jina libadilishwe, hakumlazimisha mtu. Bwana mmoja aitwaye Hazn, yaani ardhi ngumu yenye mabonde, alimjia Mtume. Mtume akamwambia awe Sahl, yaani tambarare, laini. Yule bwana akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Akaachwa nalo. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema kwamba ugumu ule ulibaki katika ukoo wao. Hadithi hii imo katika Bukhari. Tunapata mafunzo mawili hapo: jina zuri lina faida, na nasaha hutolewa kwa upole.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Jina lenye shirki, kama kumfanya mtoto mja wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, libadilishwe, na wala tusioneane haya. Jina lenye maana mbaya katika lugha ya waliolitoa, kama Chuki au Majuto, tusiwape tena watoto wapya. Aliye nalo akitaka kulibadilisha tumsaidie, na akitaka kubaki nalo tumheshimu, kwa kuwa Shida na Tabu na Mashaka wamezaliwa katika nyumba zenye mambo yake, na mzazi alikuwa anaeleza yaliyomfika. Lakini jina jema katika lugha yake, ambalo limegeuka kichekesho katika lugha nyingine, hilo lisiguswe. Anayepaswa kubadilika hapo ni anayecheka.

BI MTUMWA

Nitamaliza na jambo la nyumbani kwetu. Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiitwa Mtumwa. Wanaojua Unguja na Pemba wanajua kwamba hilo si jina geni huko. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona aibu nalo. Nilipoulizwa na wenzangu jina la bibi nilisema ni Bi Mwana. Niliendelea na uongo huo miaka mingi, na yeye hakujua.

Nilipoanza kusoma lugha ya Kiarabu ndipo nilipotambua nilichokuwa nakikimbia. Hadithi aliyoipokea Muslim inatufundisha kwamba majina yanayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Na Abdi ni nini kwa Kiswahili? Ni mtumwa. Kila Abdallah anayetembea kifua mbele ni mtumwa, tofauti ni kwamba amemtaja Bwana wake. Tena neno letu lenyewe mtumwa linatokana na kutuma, na katika kutuma humo humo ndimo tulimopata neno Mtume.

Sikuwahi kumwambia. Alikufa kabla sijamaliza diploma. Leo nikimwombea dua namtaja kwa jina lake, na naumia kwamba nililificha wakati alipokuwa hai na ananisubiri na uji baada ya chuo.

NASAHA

Wazazi wetu, mtoto akizaliwa msikimbilie jina kwa sababu limesikika zuri kwenye televisheni. Sunna imetupa siku ya saba, siku ya akika, na inafaa pia kumpa jina siku ile ile ya kuzaliwa, kama Mtume (S.A.W.) alivyompa mwanawe Ibrahim. Katika muda huo muulizeni mwenye elimu maana yake na herufi zake. Liandikeni kwa Kiarabu katika karatasi mliweke pamoja na cheti, ili mtoto asije akababaishwa ukubwani.

Walimu wenzangu, tusisome habari za majina bila ubao. Herufi moja ikipotea, mtoto mzima anaweza kupotea.

Na nyinyi wanafunzi, someni Suratul Hujurat, aya ya 11. Mola wetu amekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, na akalihesabu hilo kuwa ni uovu baada ya imani. Hakusema isipokuwa kwa utani. Ukisikia jina geni, uliza maana yake kwa mwenyewe, naye atafurahi kukueleza. Ukishalijua litamke vizuri.

Mwenyezi Mungu atuafikie katika kheri, azitakase ndimi zetu, na amrehemu kila aliyetutangulia, kila mmoja kwa jina lake. Amin.

Wabillahit tawfiq.